Goti ya Adero

Kondele, 8 Machi 1987

Mdogo wangu Lornah,

Habari ya Mombasa na hiyo joto? Hapa sisi ni wazima, isipokuwa kuku yangu moja imekufa na najua nani ameiua, nitakuambia siku ingine.

Adero wako ametoka hospitali! Daktari alimpasua paja. Anasema nyama ya ndani ilikuwa imekauka kama kamba ya mbuzi, sababu ya zile sindano za malaria alidungwa hapo hapo tangu akiwa mdogo. Akaikata, ikaachilia. Jana wametoa plasta. Lornah, goti inakunja! Nimembeba mgongoni kama watoto wa watu, mguu haisimami kando kama mpini ya jembe. Nimezunguka naye mpaka kwa jirani yangu Metrine, ndio aone.

Dada yako,
Elsie

Mombasa, 20 Machi 1987

Dada Elsie,

Salamu nyingi, na pole kwa kuku. Barua yako niliisomea hapa hotelini katikati ya shuka za kufua, nikalia mpaka wenzangu wakafikiri nimefiwa. Lakini dada, daktari aliniambia kabla sijasafiri: plasta ikitoka, goti likunjwe asubuhi na jioni, hata akilia. Likiachwa litashika tena. Nani anamkunja? Hilo hukuandika. Likizo yangu ni Agosti, nataka nimkute anachuchumaa chooni mwenyewe.

Mdogo wako,
Lornah

Kondele, 30 Aprili 1987

Lornah wangu,

Uko aje? Sisi tunasukuma tu. Kiswahili yako imekuwa ya pwani kabisa, karibu nitafute mtu anisomee! Bwana ya Metrine amerudi na redio kubwa, sasa wapangaji wa plot mzima hatulali.

Mambo ya goti usijali. Ni vile ile wiki ya kwanza nikimkunja analia mpaka watu wanasimama kwa mlango. Metrine akasema kwa bomba ya maji, wote wakisikia, "Elsie anavunja mtoto ya dada yake, ati kwa sababu mama ako mbali." Mimi! Na unajua mdomo ya Kondele. Kwa hivyo nimemwacha apumzike kidogo, uchungu ipungue. Amenenepa! Anakaa kwa kiti kama malkia, mguu juu ya stuli, watoto wanamletea maji.

Dada yako,
Elsie

Mombasa, 9 Mei 1987

Elsie,

Leo sina salamu. Mguu uko juu ya stuli kwa nini? Mkunje. Halafu mpeleke hospitali, usingoje kesho.

Lornah

Kondele, 20 Septemba 1987

Mdogo wangu,

Natumaini mwili yako ni mzima. Hii ni barua ya tatu tangu ile yako ya Mei, Agosti imepita na hukukuja. Kama zile mbili zilipotea, wacha niseme tena.

Goti ilishika. Daktari amepasua mara ya pili. Hakunigombeza, aliuliza tu, "Mama, mtoto alikuwa analia sana?" Afadhali angenitusi. Sasa inakunja nusu, na anasema zaidi ya hapo haitaenda, na tukiacha hata hiyo nusu itapotea. Choo anaenda akishika ukuta. Darasani anakaa mwisho ya benchi, mguu inatokea njiani, wenzake wanairuka. Kumbeba mgongoni nilijaribu mara moja, nikamshusha.

Mimi nimesema watu miaka yangu yote, Lornah, wewe unanijua. Halafu nikaogopa kusemwa siku kidogo tu.

Siku hizi nafungua mlango wazi kabisa, namkunja, analia. Juzi Metrine akasimama hapo na ndoo yake. Nikamwambia, "Ingia basi, shika mabega." Akaingia. Akashika. Akalia kushinda mtoto.

Adero anauliza kama hutaki kumwona vile ako. Nimemwambia ni mimi ndio hutaki kuona. Kuja tu. Nitaenda kulala kwa Metrine, ufunguo itakuwa chini ya karai.

Bado ni dada yako,
Elsie