Sura Aliyoishona Baba

Kwa Kaka Projest, uliye ng'ambo ya Busisi,

Barua ya mdogo kwa mkubwa wake huanza na shikamoo. Hii haina. Niliiandika, nikaitazama, nikaikata kwa kalamu, kisha nikachukua karatasi nyingine kabisa ili usije ukaiona hata hiyo iliyokatwa.

Barua yako uliyompa dereva wa lori la muhogo imenifikia. Umejaza kurasa mbili, na mstari wako wa kwanza baada ya salamu unasema, "Siku hizi unasoma nini, mdogo wangu?" Nilicheka peke yangu mpaka Mama akatoka jikoni kuja kuniangalia. Wewe wa kuniuliza mimi nasoma nini! Haya, umeuliza, nitakujibu. Na utasoma yote, maana najua unachokitafuta wewe kiko huko chini.

Mwaka huu nasoma habari za watu waliodhulumiwa, nyingine sizitaki. Nilianza na riwaya ya upelelezi niliyoazimwa na sista mmoja wa parokia, ambayo muuaji ni mpiga kinanda wa kanisa. Nilimjua mapema sana, kwa sababu alikuwa na tabia yako ya kusema "usijali" kabla ya kutenda ubaya. Kisha nikasoma kitabu cha mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, akaondoka kimya, akarudi miaka mingi baadaye akiwa hakimu. Hicho nimekisoma mara mbili, na kurasa za hukumu mara nne. Sasa hivi niko katikati ya kimoja kinene kisicho na jalada, mali ya muuguzi jirani yetu. Nakisoma mapumziko ya mchana pale kiwanda cha samaki ninakofanya kazi, nimekaa juu ya kreti, na vidole vinanuka sangara hata nivisugue kwa limau. Humo kuna kaka mkubwa anayeapa kwa kaburi la baba yake. Sijafika mwisho, ila kila anapofungua mdomo nampa uso wako, halafu nafunua ukurasa nikiomba apatwe na jambo. Vinavyosubiri ni viwili. Kimoja ni cha Kiingereza, kilitoka katikati ya robota la mitumba na kina jina la mtoto wa Ulaya kwa wino wa kijani. Kingine ni cha ufugaji wa kuku, kwa sababu mtu hawezi kuishi kwa hasira kila siku.

Lakini kitabu cha mwaka huu, Projest, ni kile cha msichana na ng'ombe. Ndiyo, kile chetu. Nimekirudia.

Unaukumbuka uzi? Kila kitabu kipya kilichoingia nyumbani kwetu Butimba, enzi Baba akiwa mkufunzi, kilipita kwanza kwenye sindano. Alizishika kurasa zote za sura ya mwisho, akazishona ukingoni kwa uzi mweupe ili mimi na wewe tusiibe mwisho. Ndivyo alivyokuwa akisema, kuiba mwisho, na alilichukia jambo hilo kama wizi mwingine wowote. Ilikuwa sura moja kila jioni, baada ya sala, kabla ndizi hazijaepuliwa. Wewe ulilala kifudifudi kwenye mkeka, mimi nilikalia kigoda cha Mama. Ikifika siku ya sura ya mwisho, Baba alinyoosha mkono, Mama akamletea wembe, na uzi ukakatwa mbele yetu sote.

Na ile penseli yake ya sikioni. Tukicheka, aliandika pembeni, "Hapa Projest kacheka." Nikisinzia, aliandika nimesinzia, na kesho yake alirudia kwa ajili yangu. Wewe ulinuna ukisema nakuchelewesha.

Kile cha msichana na ng'ombe tulikipenda kupita vyote, na ndicho kilichokuwa cha mwisho. Tulisomewa sura kumi na moja. Msichana anafuata nyayo za ng'ombe aliyeachiwa na marehemu mama yake, kijiji hadi kijiji, na sura ya kumi na moja inamwacha mlangoni kwa mwizi, fimbo mkononi, na mwizi ni ndugu yake wa damu. Wewe ulisema atampiga. Mimi nilisema atamsamehe. Nilikuwa mtoto mjinga.

Baba akaugua. Tulimwomba akate uzi, akasema, "Ngojeni nipate nguvu, someni tena za mwanzo." Tukazisoma sisi wenyewe kwa zamu, kando ya kitanda chake, mara tatu zote kumi na moja, na nguvu hazikurudi. Baada ya kumzika, wewe ndiye uliyeweka mkono juu ya kile kitabu na kusema tutaukata uzi pamoja siku nitakayomaliza kidato cha nne. Nilikuuliza je, tukisahau? Ukasema, "Usijali."

Tukahamia Nyakato, chumba na sebule, na vitabu vyote vya Baba kwenye sanduku lake la bati chini ya kitanda. Ndiyo miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa, kila kijana ana robota la mitumba, na wewe hukulala vizuri kwa kuwaza minada ya Sengerema na Geita. Sikukulaumu. Mimi na Mama tukapanda meli kwenda Bukoba kumaliza mambo ya msiba, wewe ukabaki kulinda nyumba. Tuliporudi hukuwepo, wala sanduku halikuwepo. Mama akasema, "Amelichukua la kubebea nguo, vitabu atakuwa amevipanga mahali." Nami nikaamini. Nilitafuta juu ya kabati.

Siku ya tatu nilinunua karanga kwa Mama Semeni, pale njia ya kiwandani. Nilikuwa nimeshazila nusu nilipoona maandishi ya penseli kwenye ile karatasi aliyozifungia. Maandishi ya Baba. "Hapa Projest amelia." Ulikuwa ule ukurasa ambao msichana anaamka na kukuta kamba imekatwa na zizi tupu.

Nilimwaga karanga zote chini. Mama Semeni akashtuka. "Kulikoni mwanangu, zimeoza?" Nikamwonyesha karatasi. "Aa, hivyo vitabu? Kaka yako alinipa bure kabisa. Alisema ni vya shule, vimepitwa na wakati, nimsaidie kuvipunguza, vinamjazia sanduku."

Vinakujazia sanduku. Laiti ungeviuza, Projest! Ningesema njaa ilimshika, kijana alikwama. Wewe ulitaka bati lenye kitasa la kuvukia kivukoni Kigongo, basi, na kilichokuwa ndani ukakikung'uta kama makapi. Hata hukufungua kuangalia kipi kina uzi. Hapo ndipo uliponikata maini, na sijapona, na sitaki uambiwe kwamba nimepona.

Nilikula karanga mwaka mzima. Asubuhi karanga, jioni karanga, mpaka wenzangu kiwandani wakanipa jina ambalo sitakuandikia. Mama Semeni alikuwa mwema, alinitengea kila karatasi ya kitabu kile aliyoiona, nami niliokota nyingine hata kwenye mitaro. Nilizinyoosha kwa pasi ya mkaa. Zilizokosekana tulikaa mimi na Mama tukazikumbuka neno kwa neno, maana tulikuwa tumezisikia mara nyingi kuliko rozari. Zote kumi na moja zikapatikana. Ya mwisho haikuonekana, nikakata tamaa.

Kisha mwaka huu, Jumapili moja baada ya Misa, Mama Semeni akaja nyumbani na kitu amekifunga kwenye kanga. "Hiki nilikichomeka darini tangu siku ile," akasema. "Karatasi iliyoshonwa na mtu, mimi siwezi kuichana. Sikujua ameficha nini humo. Nikaogopa kuitupa, nikaogopa kuitumia. Leo nahama, nikaona nikuletee wewe."

Uzi wa Baba ulikuwa mzima, umegeuka rangi ya chai.

Nilinyoosha mkono. Mama akaenda akaleta wembe. Nilisoma kwa sauti, sisi watatu, kabla ndizi hazijaepuliwa. Nilipomaliza, Mama alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mama Semeni akasema, "Kumbe!" Akaniomba nirudie kuanzia pale fimbo inapoinuliwa, nikarudia.

Kwa hiyo najua. Na Mama, ambaye hana siri, amekutumia salamu kwamba najua, ndiyo maana baada ya miaka yote hii umekumbuka kuniuliza nasoma nini. Unasema mwanao Kemi anakusumbua, umemsimulia mpaka mlangoni ukakwama, na kila siku anauliza, "Baba, halafu?" Unasema, "Niandikie mwisho tu, hata mistari miwili inatosha."

Mistari miwili! Unataka kuiba mwisho hata sasa, mtu mzima na mvi zinaanza.

Nisikilize. Kemi hajanikosea, kwa hiyo pamoja na barua hii nampelekea daftari. Ni sura kumi na moja, nimezinakili kwa mkono wangu, pamoja na penseli ya Baba yote, popote ulipocheka na popote ulipolia. Msomee moja kila jioni. Atakapofika mwisho wa daftari atakuuliza sura ya kumi na mbili iko wapi, na hapo usimwambie "usijali." Mwambie kwamba baba yake aliitoa bure ikafungiwe karanga. Akikutazama, mtazame. Nimengoja miaka yote hii mtu akutazame hivyo, na ninafurahi kwamba ni yeye.

Sura yenyewe nimeishona tena, kwa uzi wangu, mweusi. Sitaituma kwa dereva wala kwa padri wala kwa Mama. Ukiitaka, vuka Kigongo na sanduku la Baba begani, tupu, ulirudishe chini ya kitanda ulikolitoa. Shikamoo yako pia iko huku, nimeiweka pamoja nayo.

Jambo moja tu nikuambie, nalo si mwisho wa hadithi. Kurasa za sura ile zilikuwa safi pembeni, Baba hakuwahi kuziandika kitu. Ule ukurasa wa mwisho nikaona si vizuri uendelee kubaki hivyo. Nikachukua penseli, nikaandika kama ambavyo angeandika yeye: "Hapa Projest hakuwepo."

Ni mimi,
mdogo wako