Hodi ya Tatu

Mpendae, Unguja

Kwa Kaka Khatib,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu marehemu mama alitufunza kuwa mkubwa huamkiwa hata akikosa. Sisi huku wazima. Natumai nawe u mzima huko Maskati, maana niliyonayo hayafai kuambiwa mgonjwa.

Ujumbe wako nimeupata. Unataka nikukabidhi Hodi, mfumo wetu wa kompyuta, uiuzie kampuni, kwa kuwa wewe ndiye uliyeianzisha. Kweli uliianzisha, kisha ukaiacha. Mtupa jongoo hutupa na mti wake. Wewe jongoo umemtupa, sasa umerudia mti. Na ni wewe uliyekuwa ukinihadithia, chumba cha uani, habari za mifumo iliyotelekezwa duniani. Ya BeOS uliipenda kuliko zote: wenyewe waliiacha, wapenzi wake wakaijenga upya wakaiita Haiku. Watu hao uliwaita waungwana. Mimi nilipofanya kama wao, umeniita mwizi.

Ulipoondoka, Hodi haikuweza hata kuchapisha karatasi. Tumeikamilisha mimi na Nasima, mwalimu wa Makunduchi, na wanafunzi wake ndiyo wanayosomea. Kampuni ikiinunua itawafungia. Nasima anasema hana nguvu za kugombana nawe. Mimi ninazo.

Jumatatu niliona umejaribu kuingia. Uliandika jina lako, ukapiga hodi, na badala ya sauti ya mama tuliyoirekodi, inayomkaribisha kila mtu, ukajibiwa kwamba hamna mtu. Ukarudia mpaka ya tatu, mlango ukajifunga. Sheria hiyo uliiweka mwenyewe: hodi tatu, usipoitikiwa uondoke, kama ilivyo majumbani kwetu. Sasa unaniandikia kwamba umejua mama alikufa na kinyongo nawe.

Hakuwa nacho, na hilo ndilo linaloniudhi. Sauti uliyoisikia ni yangu. Tangu zamani watu huchanganya sauti yangu na ya mama. Mama, akiwa kitandani, na wewe hata kuzika hukuja, alirekodi karibu yako ya peke yako, akakuita kwa jina lako la utotoni. Niliiondoa nikaweka yangu. Ninayo, na sikutumii. Ukiitaka, njoo Mpendae upige hodi kwa mdomo wako. Kama nitaitikia, bado sijui.

Nisalimie wifi Riyama na watoto. Wao sina neno nao.

Nduguyo,
Thuwaiba