Vistari Vyangu vya Riyadh

Mjukuu wangu Kadzo,

Nakusalimu kutoka Jeddah, jikoni kwa watu tena, ambako mimi na magoti yangu tunaendelea kugombana. Nasikia mbuzi amezaa mapacha na babu yako keshawapa majina ya mawifi zangu. Mwambie nitarudi.

Sasa wewe! Kurasa tatu za barua yako unanilalamikia kuhusu yule mshairi wa Amerika mnayemsoma shuleni, aliyejifungia nyumbani kwao, eti mashairi mafupi, vistari kila mahali. "Nyanya, kwani hakujua kuweka nukta?" Na mwalimu wako naye anasema kila kistari ni kifo. Mnanichosha nyote wawili.

Nilipokuwa msichana wa kazi Riyadh, ufunguo wa mlango alikaa nao madam. Barua ya nyumbani niliiandikia jikoni, na kila alipoita "Yalla!" nilipiga kistari nikakimbia. Nikirudi nimesahau nilichotaka kusema, naanza jingine. Mama yangu alipoipata aliangua kilio: "Mwanangu amekatwa maneno!" Akazunguka kijiji kizima akitafuta wa kumsomea vistari.

Niliporudi aliitoa ile barua, akanishika mkono.

"Hapa ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa naosha sufuria, Mama."

Tulicheka sana. Lakini mkono wangu hakuuachia, maana vile vistari alikuwa amevisoma sawasawa.

Mshairi wako alijifungia mwenyewe, na ufunguo alikuwa nao, heri yake. Aliyekuwa akimwita simjui. Wewe soma tena, na ukifika kwenye kistari usikimbie, ngoja kidogo, kama Mama.

Nilitaka pia kukuambia kwamba mimi, Nyanya yako, kila siku huku —

Haya, naitwa.