Nyonga za Kushonwa

Milano, 19 Februari 2019

Mama yangu,

Shikamoo. Sikio la kushoto linaendeleaje, bado linavuma? Mimi mzima, naingia na kutoka pale kwenye duka la mikate kama kawaida, unga mpaka kwenye nyusi.

Najua simu huisikii vizuri, ndiyo maana naandika. Lakini hata ungesikia, hili ningeona haya kulisema kwa mdomo. Usicheke. Nimepata kazi ya kupigwa picha za matangazo ya nguo. Mimi, Mama! Nevena Bonge, niliyekuwa nasimamishwa nyuma kwenye kila picha ya shule ili nisiwafunike wenzangu.

Mama mmoja anaitwa Ornella alikuja kununua mkate, akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, halafu akarudia. Nikadhani nimemkosea chenji. Kumbe anatafuta wanamitindo wanene. Anasema watu wamechoka na vimbaumbau, sasa wanataka kuona mwanamke mwenye mwili wa kweli ndani ya nguo. Eti wangu ni wa kweli. Sijui ule niliokuwa nao huko nyumbani ulikuwa wa nini.

Picha ni katikati ya Machi. Nifurahi au niogope? Nimejikuta nacheka huku machozi yananitoka.

Na lile gauni langu la kuvaa kwenye arusi ya rafiki yangu Dragica mwezi wa nane, usianze kulikata kabla ya kuniambia. Safari hii nataka lenye rangi.

Mwanao,
Nevena


Shtip, 3 Machi 2019

Mwanangu Nevena,

Marahaba. Barua yako ilifika Alhamisi, nikaisoma mara tatu. Mimi sijambo. Sikio linavuma tu. Kelele za cherehani za miaka thelathini na moja haziondoki kwa matone ya daktari.

Sijaelewa. Wanakulipa kwa sababu ya unene? Huku watu wanalipa ili uwatoke. Huyo Ornella ana mume? Ofisi yao umeiona kwa macho yako? Na usivue nguo mbele ya mtu asiye daktari, hata akiwa na kamera kubwa kama jiko.

Gauni nitakushonea jeusi, mwanangu. Jeusi humpunguza mtu. Vipimo vyako ninavyo kwenye daftari, nami nitatoa vidole viwili kiunoni kama siku zote. Nguo ikibana kidogo, mwili nao utaifuata. Usinune, mama yako hakutakii mabaya.

Kwenye karakana tuna kazi mpya ya ajabu. Bwana Stojmir kapata oda ya mito ya sponji kutoka Italia. Imepinda kama kipande cha tikiti, imevikwa kitambaa cha rangi ya ngozi, ina kamba za kufungia. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema, "Ya wagonjwa, Ratka. Waliovunjika nyonga. Wewe shona."

Nimewaonea huruma sana hao watu. Na kwa kuwa juzi ilikuwa mosi Machi, kila mto niliomaliza nimeufichia uzi wa martinka ndani ya mshono, mwekundu na mweupe, niliousokota mwenyewe, ili huyo mgonjwa awe na afya mwaka mzima. Stojmir hajui, na asijue. Wako nimekutilia kwenye bahasha hii. Ufunge mkononi, usiutupe kwenye droo kama mwaka jana.

Mama yako,
Ratka


Milano, 18 Machi 2019

Mama,

Habari za afya yako? Martinka yako nimeivaa. Nimevaa tatu. Tulia nikueleze, maana hata mimi sijajielewa.

Jumamosi nilikwenda kupigwa picha. Wakanivika gauni la kijani, zuri kweli, la ukubwa wa hamsini na mbili. Likaning'inia. Ornella akalishika kiunoni, akaguna.

"Uso wa dhahabu," akasema. "Shingo nzuri, kidevu kimoja. Lakini nyonga hazitoshi."

"Hazitoshi nini?"

"Hazitoshi unene."

Nikamwomba arudie, nikidhani Kiitaliano changu kimeniangusha. Akarudia. Nikamwambia, "Si ulisema mnataka mwili wa kweli?"

"Ndiyo. Uso mwembamba, mwili mnene. Wateja wanapenda hivyo."

"Basi mtafuteni mwenye nyonga zake mwenyewe."

"Wenye nyonga zao wana mashavu yao pia," akanijibu, wala hakuona aibu.

Msichana wa mavazi akaja na mito miwili ya sponji, imepinda kama kipande cha tikiti. Ya rangi ya ngozi. Ina kamba. Akanifunga mmoja huku, mmoja huku, gauni likajaa, wote wakapiga makofi. Nikapigwa picha saa nne nzima nikicheka kama nilivyoambiwa.

Nilipoivua, mmoja ulikuwa umefumuka penye kamba. Nikaona wekundu, nikadhani damu. Nikavuta. Ulikuwa uzi mwekundu na mweupe, una lile fundo lako la kuzungusha mara tatu. Nikaufumua na wa pili. Nikakaa sakafuni. Yule msichana akaniuliza, "Umeumia?" Nikamwambia, "Hapana, ni mama yangu." Akaondoka taratibu kinyumenyume.

Nyuzi zote mbili nimezifunga mkononi pamoja na ile yangu.

Sasa wanataka niweke saini ya mwaka mzima, kwa sharti la mito kila nikipigwa picha. Wamenipa mpaka mwisho wa Julai. Mama, nikubali? Huko nilikuwa nimezidi, huku nimepungua. Sijui tena mimi ni wa ukubwa gani. Nijibu wewe unayejua vipimo.

Mwanao,
Nevena


Shtip, 29 Machi 2019

Mwanangu,

Salamu. Afya ipo.

Nilimfuata Stojmir nikamuuliza mbele ya watu, "Wagonjwa wako wako wapi?" Akacheka mpaka akakohoa. "Kwani hao hawaumwi, Ratka? Wanaumwa uzuri."

Niliomba Mungu usiku na mchana kwa ajili ya wagonjwa wa nyonga, kumbe naziombea nyonga za mwanangu aliye mzima.

Kubali. Kazi ni kazi. Mtu anafungwa mto asubuhi, jioni anaufungua, si dhambi.

Nimesoma nilichoandika hapo juu. Hapana, usikubali. Watakuzoeza kudhani hujatosha.

Au kubali. Sijui, Nevena. Mimi ni mtu wa pindo na vifungo. Gauni jeusi nimeshalikata.

Mama yako,
Ratka


Shtip, 14 Julai 2019

Nevena mwanangu,

U mzima? Tangu Machi sijapata mstari wako hata mmoja. Pasaka imepita, yai lako jekundu nililiweka dirishani mpaka likanuka. Nilikutumia kadi mbili, kimya. Dada yake Dragica, aliye huko Milano, ndiye aliyeniambia unaonekana kazini, kwa hiyo najua u hai. Unanikasirikia, na mimi nilijidai sijui kwa nini.

Jana jirani yetu Pavlina alirudi kutoka Skopje. Akaingia jikoni amebeba nyanya kwenye mfuko wa karatasi wa duka la nguo. Akauweka mezani, na wewe ukanitazama kutoka kwenye huo mfuko. Wewe mwenyewe, na gauni la kijani, umejaa nyanya. Juu ya kichwa chako wameandika kwa herufi kubwa: KAMA NILIVYO.

"Ratka wee," Pavlina akasema, "mwanao kanenepa! Wanamlisha nini huko, unga mtupu? Mwambie ajizuie kidogo, arusi ndiyo hiyo."

Nikamwambia, "Nyonga hizo si zake."

"Si zake vipi? Si huyu Nevena?"

"Ni Nevena. Nyonga nimezishona mimi."

Akanitazama kama mtu aliyeona jirani yake amepigwa na jua, akachukua nyanya zake kwenye aproni, mfuko akaniachia.

Nilitaka kukutetea, mwanangu. Nikasema nitamwonyesha vipimo vyako vya kweli, nimfunge mdomo. Nikatoa daftari. Nikaanza na gauni la darasa la saba, nikaja la mahafali, nikaja koti la kwendea Milano. Kila ukurasa nimetoa vidole viwili. Nikarudi nyuma tena, pengine nimeruka. Sikuruka. Kipimo chako cha kweli sina, Nevena. Miaka yote hiyo niliandika vile nilivyotaka uwe, na wewe ukisimama mbele yangu umevuta pumzi ndani, mashavu mekundu, nami nikisema, "Hivyo hivyo, usipumue."

Yule Ornella amekuongeza nikamwona shetani. Mimi nimekupunguza tangu ukiwa mtoto na nilijiita mama mwema. Nguo yako mwenyewe sijakushonea hata siku moja. Nimekukosea, na imeniuma sana, nimelia mpaka sikio likazibuka.

Lile jeusi nimelikata vitambaa vya kufutia mafuta ya cherehani. Nimenunua kitambaa cha rangi ya komamanga, mita nne, ili kisipungue popote.

Kazi hiyo uikubali, uikatae, ni yako. Stojmir kaleta oda nyingine ya mito na mimi naishona, nitafanyaje, lakini uzi siutii tena. Mimi naomba kitu kimoja tu. Chukua futi, ujipime asubuhi, ukiwa umepumua vizuri, uniletee namba zilivyo. Usinipunguzie hata sentimita, wala usiniongezee.

Kama hutaniletea, nitaelewa. Ila kitambaa sitakigusa bila namba zako.

Mama yako,
Ratka


Milano, 25 Julai 2019

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Mkataba nimewarudishia bila saini. Ornella akasema kwa mwili wangu hana nguo ya kunivika, mimi si mnene wala si mwembamba. Nikamwambia yupo fundi mmoja huenda akaiweza.

Kifua 109.
Kiuno 93.
Nyonga 116.

Pumzi sikuvuta. Usitoe kidole.

Mwanao,
Nevena