Mbio Zilizoishia Kwenye Ndizi

Jumamosi

Goti linauma, lakini bado nacheka peke yangu.

Leo nilipokuwa nakimbia mteremko wa Songambele, njia ilikuwa na utelezi wa mvua. Nikabiringika hadi shambani kwa mzee mmoja, nikaangusha dumu lake la juisi ya ndizi. Yote ikamwagika. Keshokutwa anapokea wakwe, na ndiyo aliyotaka kutengenezea rubisi, pombe yetu ya ndizi.

"Shikamoo, mzee," nikasema nikiwa nimekaa kwenye matope.

"Marahaba. Umeumia?"

"Kidogo tu. Nisamehe, nitalipa."

Akaitazama miguu yangu. "Ndizi bado zipo. Kama una nguvu za kukimbia bure, nawa miguu uje ukanyage."

Nikakanyaga ndizi na nyasi kwenye mtumbwi wa kukamulia, gogo lililochongwa shimo, hadi mapaja yakatetemeka. Hakuna mlima wa Kyerwa uliowahi kunichosha hivyo. Dumu lilipojaa, mzee akanionjesha. Tamu ajabu!

Nyumbani mke wangu akaninusa. "Hizo ndizo mbio?"

Nikamweleza yote. Hakuamini hata neno moja, mpaka niliposema mzee ametualika sote wawili kwenye sherehe yake ya kupokea wakwe. Hapo akauliza avae gauni lipi.