Sehemu ya Kumi ni ya Hewa

Jumapili, Gare

Na bado shemeji anasema alikuwa ananisaidia!

Kesho mama anapelekwa kliniki Lushoto kwa gari letu, na kwa matope haya, magurudumu ya nyuma yasipovuta, mlima haupandiki. Ndiyo maana wiki nzima nimelifufua mwenyewe lile kopo la chini ya gari, lenye sahani nyembamba za chuma ndani, linaloyapelekea nguvu ya injini. Nilijaza oili nzito ya silikoni sehemu tisa kati ya kumi, ya kumi nikaiachia hewa, maana oili ikipata moto hutanuka. Nikaenda kunawa.

Elia, mume wa dada, mpokeaji maziwa ya wafugaji, akaliona pengo. Akajaza hadi mdomoni.

"Shemeji, chombo pungufu mimi hurudisha."

"Hili si dumu la maziwa, shemeji. Oili ikitanuka, sili, ile mipira inayoizuia isivuje, zitapasuka, na mama atalala njiani."

Akaondoka, akarudi na bomba lake la sindano ya ng'ombe. Nikaivuta ile sehemu ya kumi, nikaziba, nikalifunga kopo chini ya gari, nikajaribu mlima. Gari likapanda kama mbuzi.

Mama alikuwa barazani. Kabla sijazima injini nikamsikia Elia: "Umeona, mama? Bila mimi angeliacha pungufu!"

Mama akamwombea baraka. Mimi nikaenda kunawa tena.