Maji Kutoka Ng'ambo ya Mstari

Galmoe, 21 Aprili 1947

Kwa Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama wewe na Mama mdogo, na kwamba kile kikohozi chako cha majira ya baridi kimeondoka. Huku sote wazima. Bibi anauliza kama bado unalala bila soksi. Baba hakusema nikusalimu, lakini aliponiona nimekaa kuandika alinichongea penseli bila kuombwa.

Barua anakuletea Mama Uduvi, yule mjane muuza uduvi wa chumvi. Anasema pale mstarini askari wa Kimarekani humpisha haraka kwa sababu hawezi kuvumilia harufu ya beseni lake, na askari wa Kirusi humpisha kwa sababu anaipenda. Ni mtu pekee ninayemjua anayeelewana na pande zote mbili.

Nakuandikia kwa sababu ya maji. Tangu Wajapani waondoke na mstari kuchorwa katikati ya nchi, Warusi kwenu na Wamarekani kwetu, bwawa liko kwenu na majaruba yako kwetu. Mwaka jana maji yalichelewa lakini yalikuja. Mwaka huu mfereji mkubwa umekauka hadi vyura wamehama. Juzi kinuni watu walibishana. Bwana Ma, mwenye kinu, alisema, "Wekundu, hao Wakomunisti, wanataka tufe njaa, basi."

Baba akasema, "Mlinzi wa lango la bwawa ni mdogo wangu. Unamwita nani Mwekundu?"

"Nani anamlipa mshahara?"

"Na kinu chako kilikuwa cha Mjapani mpaka juzi. Mbona hatukuiti Mjapani?"

Watu walicheka sana. Lakini kicheko hakiloweshi jaruba.

Nilimuuliza Mwalimu Baek, anayetufundisha historia. Nilimngoja darasa liishe, maana mbele ya wenzangu sauti yangu hukwama. Nilimuuliza imekuwaje Warusi na Wamarekani, walioshinda vita pamoja, sasa hawawezi kukaa meza moja kule Seoul wakamaliza habari yetu. Akasema, "Kila mmoja anaamini amepata dawa ya umaskini wa dunia nzima, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye ugonjwa. Sisi ndio mgonjwa wanayemgombea." Nilikwenda nyumbani nikifikiri kwamba mgonjwa naye ana mdomo.

Miche iko kitaluni. Isipopandikizwa kabla ya sikukuu ya Dano mwezi wa Juni itakomaa pale pale, na hatuna mbegu nyingine. Baba mdogo, unaweza kufungua?

Binti yako,
Ok-rim


Bwawani, 12 Mei 1947

Ok-rim binti yangu,

Marahaba. Kikohozi kimekwisha. Mwambie mama soksi navaa, hata kama si kweli. Mama mdogo wako anakusalimu. Anasema unaandika kama karani.

Umeuliza, nami nakujibu. Amri imetoka Haeju, makao ya mkoa: lango lifungwe mpaka Wamarekani waweke sahihi kwenye karatasi ya maji. Wamarekani hawataki, kwa sababu karatasi ina muhuri wa Kamati yetu ya Wananchi, na wakiiwekea sahihi ni kama wamekubali kwamba huku kuna serikali. Wa huku nao hawataki muhuri mwingine. Wiki iliyopita alikuja kapteni wa Kirusi na mkalimani. Alisimama ukingoni muda mrefu, nikadhani anawaza habari ya mifereji. Mkalimani akaniambia, "Anauliza kama kuna samaki."

Kwa hiyo miche yenu inangoja muhuri.

Sasa msikilize baba yako mdogo. Huyo Ma afunge mdomo. Miaka kumi na minane nililima ardhi ya Bwana Cho nikimpa nusu ya kila nilichovuna, na kaka yangu huko kwenu bado anafanya hivyo. Mwaka jana Kamati ilinipa shamba. Hati ina jina langu. Siku ile niliisoma mara tatu, mimi nisiyesoma kitu. Sitawatukana walionipa ili kumfurahisha mwenye kinu.

Lakini babu yako, aliyekuwa mlinzi kabla yangu, aliniachia sheria moja: ugomvi wa maji huamuliwa baada ya kupandikiza, si kabla. Ukishapandikiza, pigana na jirani yako mpaka theluji. Miche ikiwa kitaluni, unafungua hata kama amekuibia ng'ombe. Sijasikia kamati yoyote iliyoifuta sheria hiyo.

Baba yako asafishe mfereji mkubwa kabla ya mwezi huu kuisha. Maji yatakuja alfajiri, lango likiwa wazi upana wa viganja viwili. Zaidi ya hapo wataona.

Baba yako mdogo,
Gi-tae


Galmoe, 14 Juni 1947

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena! Hujambo? Hatujambo, na safari hii si neno la kuanzia barua tu. Yalikuja! Tarehe tatu alfajiri Baba alikuwa amesimama ndani ya mfereji mtupu, suruali ameikunja, majirani wakimwambia atapata baridi ya bure. Mara akapiga kelele, "Yananitekenya!" Tukakimbia wote. Yalikuwa membamba, yamebeba majani na povu, lakini yalikuwa yanakwenda.

Tulipandikiza siku tisa, nyumba kwa nyumba, kila mtu mstari wake. Bibi alikataa kubaki nyumbani. Alikaa juu ya tuta akitukosoa: "Wewe Ok-rim, unapanda mpunga au unaandika tahajia? Songa!" Bwana Ma naye alikuja kuomba zamu. Baba alimwinamia kwa heshima zote akasema, "Karibu, mheshimiwa. Ni maji ya Wekundu haya, lakini ukiyachuja hayadhuru." Alichota huku masikio yamemwiva.

Sasa nina habari yangu mwenyewe. Shuleni tuliandika insha, kichwa chake "Mstari". Wenzangu waliandika juu ya mlinzi Mrusi na mlinzi Mmarekani. Mimi niliandika kwamba mataifa mawili makubwa yanabishana mtu aishi vipi, na mlinzi mmoja wa lango ameyajibu yote mawili kwa viganja viwili vya maji. Niliandika sheria ya Babu. Niliandika pia juu ya shamba lako na ile hati uliyoisoma mara tatu. Jina lako sikulitaja. Nilisema tu ni ndugu ya baba yangu.

Imepata zawadi ya kwanza! Mwalimu Mkuu ameipeleka mjini Kaesong, itatoka gazetini. Sijawahi kuandika kitu kikasomwa na mtu asiyenijua. Nitakutumia nakala.

Binti yako mwenye furaha,
Ok-rim


Galmoe, 6 Julai 1947

Baba mdogo,

Shikamoo. Naomba Mungu uwe mzima. Huku afya si mbaya.

Maji yalisimama tarehe ishirini na moja. Mama Uduvi amekwenda na kurudi mara mbili. Anasema langoni kuna mtu mwingine, kijana mwenye bunduki, na Mama mdogo hakumfungulia mlango. Bibi anajifanya hajasikia.

Gazeti lilitoka tarehe kumi na nane. Sikukutumia nakala. Kichwa walichoweka wao ni: "Achukia Wekundu, Afungua Lango kwa Siri." Shamba lako wamelifuta. Hati wameifuta. Mwishoni wameongeza mistari niliyokuwa siijui, kwamba unangoja siku Wamarekani watakapokukomboa. Chini yake kuna jina langu, jina la shule na jina la kijiji. Mtoto wa darasa la pili angeweza kukutafuta na kukupata.

Hata wasingebadilisha neno, nilikosa. Uliniambia viganja viwili, zaidi ya hapo wataona. Mimi nikawaonyesha. Nilipenda sentensi zangu kuliko usingizi wako. Sina neno zuri la kulifunika hilo.

Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu kuomba gazeti lisahihishe. Akasema, "Binti, wamekufanya maarufu." Nikasema baba yangu mdogo hachukii mtu, na shamba analipenda. Alisimama akafunga mlango. "Unataka niandike barua gazetini kusema Wekundu waligawa ardhi vizuri? Mwaka huu? Shule hii?"

Jumatatu tukiwa kwenye gwaride la asubuhi shuleni, kiongozi wa umoja wa vijana aliniita mbele nisome ile insha ya gazeti kwa sauti. Unajua sauti yangu. Nilisoma mpaka pale walipoongeza, nikasema, "Kuanzia hapa si yangu. Ni uongo." Walisikia hata wa nyuma.

Akaniuliza, "Kwa hiyo wewe na baba yako mdogo ni Wekundu?"

Nikamwambia, "Wewe jana ulikula wali wa maji yake ya mwaka jana. Wewe ni rangi gani?"

Wasichana walicheka, naye hakucheka. Nimesimamishwa masomo mpaka nitie sahihi barua ya kuomba radhi. Sijatia.

Tafadhali, hata neno moja tu.

Binti yako,
Ok-rim


Bwawani, 30 Julai 1947

Ok-rim,

Marahaba. Mimi mzima. Walinikalisha siku kumi na tisa katika ghala la mbegu, si pabaya, panya wananifahamu. Mwambie mama nimekonda kidogo lakini nilikuwa nimenenepa kupita kiasi.

Mwenyekiti wa Kamati ni Dong-sik, tuliyekuwa tukiogelea naye utotoni. Aliliweka lile gazeti mezani akasema, "Kaka Gi-tae, niambie tu Wamarekani walikupa nini. Taja hata sigara. Niandike, twende zetu nyumbani." Nikamwambia nilipewa barua na mtoto wa kaka yangu. Akasema hilo haliandikiki. Nikamwambia basi aache nafasi wazi.

Hawa wanataka niseme Wamarekani walinituma. Wa kwenu wanasema nawachukia hawa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari ya mpunga.

Mama mdogo wako anasema tuvuke usiku wowote, tuje kwenu. Nimekataa. Nikivuka, gazeti lile litakuwa limesema kweli. Shamba ni langu, lango nililifungua mimi, na yote mawili nitayasema nikiwa nimesimama hapa hapa.

Nilikukasirikia siku nne, sitakuficha. Siku ya tano nilifikiri kwamba kama ungekuwa mtu wa kunyamaza usingeniomba maji, na ningekaa hapa nimelinda lango huku kaka yangu akichoma miche mikavu. Kwa hiyo yameisha.

Tarehe ishirini Agosti nitasikilizwa mbele ya watu wa Haeju. Wakisema mimi ni jasusi, shamba linarudi kwa Kamati na mimi napelekwa migodini. Dong-sik si mtu mbaya. Alininong'oneza kwamba ingekuwapo karatasi kutoka kwenu, ya watu wenye majina, inayosema ilivyokuwa, angekuwa na kitu cha kushika mkononi. Nakuambia hili ili ujue nakukataza nini. Usiiandike. Huko kwenu anayesema Kamati ilifanya jambo moja jema anakamatwa kama mwizi. Wewe una shule. Mwalimu anatakiwa atoke katika ukoo huu, angalau mmoja.

Baba yako mdogo


Galmoe, 11 Agosti 1947

Baba mdogo,

Shikamoo. Mvua za Julai zimeokoa zaidi ya nusu ya mpunga. Bibi amesikia habari ya unene wako na haamini.

Umenikataza. Nisamehe, nimekaidi. Karatasi iko chini kabisa ya beseni la Mama Uduvi, imefungwa kwa karatasi ya mafuta. Mpe Dong-sik ashike.

Nimeandika bila kupamba. Kwamba niliomba maji mimi. Kwamba hakuna Mmarekani aliyejua lango hilo liko wapi. Kwamba ulipewa shamba na Kamati, unalipenda, na hujawahi kuisema vibaya. Kwamba gazeti liliongeza uongo kwenye insha yangu, nami nikaukana mbele ya shule nzima. Na kwamba kijiji cha Galmoe kilipandikiza mwaka huu kwa sababu mtu mmoja alishika sheria iliyokuwapo kabla ya Mrusi na kabla ya Mmarekani, na kijiji hakioni aibu kusema hivyo.

Nilimsomea Baba. Aliinuka akaenda kuchukua muhuri wake wa jina. Nikamwambia, "Baba, wakiiona huku watakufunga." Akasema, "Ni mdogo wangu. Sogeza karatasi."

Bibi hana muhuri. Alichovya dole gumba kwenye wino akalikandamiza mpaka nikaogopa litatoboa. "Nina miaka sabini na moja," akasema. "Wanifunge, halafu wanipikie uji."

Baada ya hapo walikuja wenyewe. Mama Jang wa kisimani, ndugu wawili wa ng'ambo ya tuta, yule mzee kiziwi ambaye ilibidi nimsomee kwa kelele mpaka barabara nzima ikajua. Jumla ni vidole kumi na vinne na mihuri mitatu. Bwana Ma alikuja wa mwisho. Alisoma yote, akasema, "Mimi sipendi Wekundu, na andika hapo kwamba siwapendi." Nikaandika. Ndipo akapiga muhuri.

Mwalimu Mkuu amesikia. Alikuja jana mpaka uani kwetu, akakataa hata kukaa. Alisema akinihurumia, na nadhani alikuwa akinihurumia kweli: "Karatasi hiyo ikivuka mstari, usirudi darasani." Niliinama tu akaenda zake.

Mama Uduvi amekwisha jitwika beseni. Amesimama mlangoni ananiambia, "Wewe mtoto, kalamu hiyo haichoki?" Nimemwomba aniteremshie beseni dakika moja, nikaitoa tena ile karatasi.

Chini ya karatasi nilikuwa nimeandika: Pyo Ok-rim, mwanafunzi. Neno la mwisho nimelikata kwa mstari mmoja, ili kila mstari wa karatasi ile uwe wa kweli. Jina nimeliacha.

Binti yako,
Pyo Ok-rim